Kozi ya Mtandaoni Ifanyiwe Ndani ya Zamu

Jioni, matatu za mtaa wa Rhonda, Nakuru, hujaa watu wanaotoka zamu. Mfanyakazi wa kiwandani anashuka, anapitia kibandani kuchukua unga na sukuma wiki, anafika kwenye ploti, anapika, anawasaidia watoto kazi ya shule. Inapogonga saa nne usiku ndipo anapata nafasi ya kufungua kozi aliyotumiwa na kampuni asubuhi kwa WhatsApp, yenye agizo kwamba aimalize kabla ya mwezi kuisha. Video inacheza dakika tatu, kisha inakwama. Bando limeisha.

Mwajiri akihesabu hayo kuwa mafunzo, anamwonea mfanyakazi. Gharama yote, yaani muda, data na usingizi, imehamishwa kutoka kiwandani hadi chumba kimoja cha kupanga.

Kozi zenyewe hazina kosa. Mwaka wa 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungulia ulimwengu somo lao la akili unde la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wanafunzi wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi za mtandaoni ya Coursera na edX. Leo mtu aliye Nakuru anaweza kumsikiliza profesa wa Harvard bila kupanda ndege, na kampuni isiyo na uwezo wa kuajiri mkufunzi ina maktaba nzima mkononi. Hilo ni jambo kubwa kwa jiji lenye viwanda, hoteli na maduka mengi yanayohitaji watu wenye ujuzi.

Tatizo ni kumaliza. Mwaka wa 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa kozi za Harvard na MIT zilizotolewa kupitia edX. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18, waliomaliza walikuwa kama 3 tu kati ya kila 100 waliojiandikisha. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikaribia nusu. Somo linapata nguvu pale mtu anapokuwa ameweka kitu chake na anatarajia kitu mwishoni. Kiungo kilichotupwa kwenye kundi la WhatsApp hakina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kenya ilishaonyesha njia bora. Mwaka wa 2005, shirika la Amref, Baraza la Wauguzi na Wizara ya Afya, kwa msaada wa kampuni ya Accenture, walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo ya kompyuta. Waliolengwa walikuwa takriban 22,000, na kwa nafasi za darasani zilizokuwepo kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Kompyuta zikapelekwa katika hospitali na vyuo vya uuguzi, na muuguzi akasoma bila kuacha wodi yake. Mwishoni alipata diploma inayotambuliwa na baraza lililomsajili. Mahali pa kusomea palikuwepo, na faida ilionekana tangu siku ya kwanza.

Waajiri wa Nakuru wana hoja zao. Saa ya mashine kusimama ni hasara, na aliyefunzwa anaweza kuhamia kwa mshindani. Lakini kila mwajiri hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwandani, Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Kiwanda chenye watu 200 hutoa Sh120,000 kwa mwaka. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, humrudishia mwajiri sehemu ya gharama, mradi mkufunzi awe amesajiliwa. Inafaa NITA irahisishe njia hiyo kwa kozi za mtandaoni zinazosimamiwa na mkufunzi wa hapa, ili mwenye kiwanda kidogo naye adai chake. Na anayemaliza apandishwe mshahara, hata kama ni kidogo. Huyo hatakuwa na haraka ya kuhama.

Lugha nayo isisahaulike. Kozi nyingi ni za Kiingereza, na mtu anayeijua mashine yake kwa miaka kumi hapaswi kuonekana mjinga kwa sababu ya lafudhi ya mzungumzaji. Fundi mzoefu akae naye, asimamishe video, aeleze kwa Kiswahili.

Kuanza hakuhitaji makuu. Watu kumi wa zamu ya mchana waingie chumba cha chakula Jumatatu saa nane, watazame skrini moja ukutani kwa intaneti ya kampuni. Aliyekwama aulize papo hapo. Saa kumi wasimame kwenye mashine kujaribu waliyoyaona, na saa hizo mbili zilipwe kama zamu yoyote. Wakishuka Rhonda jioni, bando lililobaki litoshe kumpigia mama kijijini.