Diski Yangu, Ruhusa Yao

Katika mji wa Garissa, kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, wapo vijana ambao jioni zao huishia kwenye vibanda vya michezo ya video. Mwenye kibanda huwa na televisheni mbili tatu na mashine za PlayStation, na mteja hulipa shilingi chache kwa kila mchezo wa kandanda. Sisi walimu tuna desturi ya kuvilaani vibanda hivi, na baadhi ya lawama zetu ni za haki. Lakini leo sikusudii kuzungumzia utoro. Nakusudia kuuliza juu ya ile diski inayozunguka ndani ya mashine: ni mali ya nani?

Swali hili laweza kuonekana la kitoto. Diski ni ya aliyeinunua. Amelipa, amepewa, akaenda zake. Aghalabu diski huwa imekwisha kupita katika mikono kadhaa kabla ya kuvuka daraja la Mto Tana. Mtu wa kwanza aliinunua ikiwa mpya, akaicheza hata ikamchosha, kisha akamuuzia mwingine kwa bei nafuu. Bila ya biashara hii ya mitumba, wengi wa vijana wetu wasingeiona michezo hiyo ila katika matangazo.

Mwaka wa 2013 kampuni ya Microsoft ilitaka kuitia kufuli njia hiyo. Ilipoitangaza mashine yake mpya, Xbox One, mwezi wa Mei, ilibainika kwamba mashine hiyo ingelazimika kuwasiliana na kampuni kwa intaneti angalau mara moja katika kila saa 24. Isipofanya hivyo, michezo isingechezeka, hata kama mwenyewe ameshika diski yake mkononi. Kumpa rafiki mchezo kungewezekana mara moja tu, tena kwa sharti kwamba rafiki huyo awe amekaa katika orodha ya marafiki zako kwa muda wa siku 30. Hebu fikiri, msomaji: kampuni ya ng'ambo ihesabu siku za urafiki wangu na jirani yangu ndipo iniruhusu kumpa kilicho changu!

Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa idara hiyo, alipoulizwa kuhusu watu wasiokuwa na intaneti ya kutegemewa, alijibu kwamba kwa ajili yao ipo Xbox 360, yaani mashine ya zamani. Isitoshe, orodha ya nchi 21 za mwanzo ambako mashine mpya ilikusudiwa kuuzwa haikuwa na hata nchi moja ya Afrika.

Wateja wa Ulaya na Marekani hawakunyamaza. Walilalamika, wakaapa kutonunua. Tarehe 10 Juni mwaka huo, mjini Los Angeles, kampuni shindani ya Sony ilitangaza kwamba PlayStation 4 haitazuia michezo ya mitumba wala haitadai intaneti kila siku, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sony ilitoa pia filamu fupi ya kuonyesha namna ya kuazimana mchezo: mtu mmoja anampa mwenzake diski, basi. Tarehe 19 Juni, siku tisa baadaye, Microsoft ikasalimu amri.

Wapo waliosema kwamba ghasia zile zilikuwa za watu walioshiba. Mimi naona kinyume. Kwa mkazi wa London sharti la saa 24 lilikuwa kero; kwa mkazi wa Mandera au Wajir lingekuwa marufuku kamili. Huku kwetu minara ya simu imewahi kulipuliwa na wanamgambo wa Al-Shabaab mara kadhaa, na watu wakakaa siku nyingi bila hata ya kuweza kumpigia daktari, seuze kuomba ruhusa ya kucheza kandanda. Wale waliopiga kelele Juni 2013 walitupigania sisi bila ya kujua kwamba tupo.

Sisemi kwamba watengenezaji hawana hoja. Mchezo mmoja hugharimu mamilioni ya dola, na wizi wa nakala upo, hata katika masoko yetu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yenyewe inakataza kuvunja kufuli za namna hii. Lakini yule kijana aliyenunua diski halali, iliyokwisha kulipiwa, hajaiba kitu, naye ndiye anayefungiwa mlango. Mwizi hutafuta dirisha.

Ushindi wa mwaka 2013 haukudumu kama tulivyodhani. Kufuli limerudi polepole, mara hii bila ya tangazo la kumkasirisha mtu. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotoka mwaka 2014, na diski za walioulipia zikabaki vigae. Mashine ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya michezo inayouzwa katika kadi isiyokuwa na mchezo ndani yake, ila ufunguo tu wa kuuteremsha kutoka kwenye intaneti. Huko Ulaya watu zaidi ya milioni moja wametia sahihi ombi la kutaka michezo iliyouzwa isizimwe ovyo. Jimbo la California nalo limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila ya kumweleza mteja kwamba anachopewa ni kibali tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa. Sijaona kwa nini haki hiyo isifike kwenye diski.

Mwalimu atauliza: haya yananihusu nini? Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon iliingia katika vifaa vya kusomea vya wateja wake na kufuta nakala walizozilipia za kitabu cha George Orwell, kile tunachokijua kwa jina la Shamba la Wanyama, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi, lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alikuta maelezo aliyokuwa ameyaandika juu ya kitabu kingine cha Orwell kilichofutwa pamoja nacho hayana maana tena.

Tangu mwaka 1996 ngamia wa maktaba ya taifa wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu kutoka Garissa hadi kwa watoto wa wafugaji. Kitabu kimoja husomwa na huyu, kikarudishwa, kikapewa yule, na hakuna mchapishaji anayeulizwa. Mwalimu mkuu atakayeletewa mkataba wa vitabu vya kidijitali na amwulize muuzaji, kabla ya kutia sahihi: vitabu hivi vitafunguka siku ambayo mnara umeanguka? Na kampuni yako ikifungwa, vitabaki kwa nani?