Fundi, Usifute Kwanza
Kompyuta inayojizima na kujiwasha yenyewe bila kukoma baada ya kusasishwa humtia mtu kiwewe, na wengi hukimbilia kwa fundi aipige Windows upya. Tusiharakishe. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro, na mashine zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Safari za ndege zikafutwa, hospitali zikakwama. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kulipokea zilizimika kabla hazijapata marekebisho. Mafundi ikabidi waifuate mashine mojamoja, waiwashe katika hali salama na kulifuta faili lile tu. Kazi za wenyewe zikabaki. Hilo ndilo funzo. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo mna njia ya kuondoa sasisho la mwisho. Anza hapo. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uuandike leo karatasini, na nakala za kazi zako uziweke kwenye diski ya nje. Fundi anayefuta kila kitu kabla ya kujaribu njia hizi anamdhulumu mteja wake, maana Windows inawekwa tena saa yoyote, ila tasnifu ya mwanafunzi na hesabu za duka zisizo na nakala hazirudi.