MBOLEA ILIYOMO HEWANI ISIDHARAULIWE

Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Serikali ilizindua mpango wa ruzuku ya mbolea baada ya bei kupanda duniani kote. Hatua ile ilikuwa ya haki, nasi tunaiunga mkono. Hata hivyo, ruzuku hupunguza bei ya mfuko tu; haimwondolei mkulima utegemezi wa mfuko. Ndiyo sababu leo tunawakumbusha viongozi na wananchi juu ya mbolea isiyouzwa dukani.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojini, chakula kikuu cha mmea, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Viwanda huigeuza kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na kwa hiyo bei ya urea hufuata bei ya gesi. Bakteria wa shambani hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Wapo wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya kunde, choroko na njugu mawe. Wapo pia wanaoishi huru katika maji ya majaruba. Watafiti wa mpunga wamekadiria kuwa jaruba lililojaa maji laweza kupata hivyo kiasi cha kilo 30 za naitrojini kwa hekta kila msimu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu.

Hesabu hiyo inamhusu mkulima wa Bahi, mkoani Dodoma. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, nao mpunga wa Bahi hutegemea mafuriko ya Mto Bubu. Pale unyevu unapobaki baada ya mavuno, choroko au kunde zifuate mpunga, na mabaki yake yafukiwe ardhini. Jambo hili si geni: Wagogo wamelima njugu mawe pamoja na uwele na mtama tangu enzi za mababu.

Visiwani, ambako wali ni chakula cha kila siku na mchele mwingi huletwa kwa meli, yapo mabonde ya umwagiliaji kama Cheju na Kibokwa. Huko ingefaa kujaribiwa azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji na kuhifadhi bakteria hao. Wakulima wa China na Vietnam wameutumia kwa karne nyingi.

Tusidanganyane: bakteria hawa si muujiza. Huhitaji fosfeti, ambayo nchi yetu inayo kule Minjingu. Wale wanaopakwa kwenye mbegu hufa wakiachwa juani. Na urea ikimwagwa kupita kiasi, huacha kazi yao. Kwa hiyo mkulima anahitaji ushauri kabla ya mfuko.

Azimio la Iringa la 1972 lilitufundisha kuwa siasa ni kilimo. Basi vituo vya utafiti vya Hombolo, Dodoma, na Kizimbani, Unguja, vipewe fungu la mashamba ya majaribio miongoni mwa wakulima wenyewe. Bwana shamba na bibi shamba wapimwe kwa rutuba ya udongo, si kwa idadi ya mifuko iliyogawiwa. Na choroko ipatiwe soko la uhakika, kwani mkulima hatapanda asichoweza kuuza.

Tunawaomba wahusika walitafakari jambo hili kabla ya msimu ujao wa kilimo.