Jaribio la usiku lisilosomwa asubuhi halina faida

Wakaaji wa Butembo na Beni hawahitaji kufundishwa maana ya kufuatilia. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila aliyemgusa mgonjwa alipaswa kutembelewa siku 21. Pale ambapo tahadhari ilitolewa na hakuna aliyekwenda kuangalia, ugonjwa uliendelea na safari yake. Zaidi ya watu 2.200 walikufa.

Nakumbuka hayo kila ninapoona vijana wetu wakiandika programu. Wanapanga majaribio ya usiku, kisha hakuna anayesoma matokeo.

Jambo hili si mchezo. Katika RDC, takwimu za vituo vya afya zinaingizwa katika DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na inayotumiwa katika nchi zaidi ya 70. Programu ya aina hiyo hubadilishwa na mikono mingi. Kwa hiyo kompyuta hupewa kazi ya kuijaribu: inaifungua, inaingiza takwimu za mfano, inaangalia kama jibu ni sahihi. Majaribio mafupi hufanyika kila badiliko linapoingia. Yale marefu hupangiwa saa. Hata kama hakuna aliyegusa kitu, sehemu iliyotoka kwa wengine inaweza kubadilika, au cheti cha usalama kikaisha muda.

Kupanga saa ni rahisi. Kuchunga ndiyo kazi. Katika GitHub, ratiba kwa kawaida hufuata saa ya UTC: ukiandika saa sita usiku, Butembo ni saa nane, Kinshasa saa saba. Saa inapoanza kuna msongamano, kazi inaweza kuchelewa. Afadhali kuchagua dakika ya 17 au ya 40. Na mradi wa wazi ukikaa siku 60 bila shughuli yoyote, ratiba inazimwa. Hapo alama nyekundu hazionekani tena, na watu wanadhani mambo ni salama.

Hatari nyingine ni jaribio linaloyumba: leo linapita, kesho linaanguka, bila sababu. Watu wanazoea. Siku kosa la kweli litakapofika, watalipita kama walivyozoea.

Maoni yangu ni haya. Kila mradi uwe na mtu wa zamu kila juma, kama mlinzi wa usiku, jina lake lijulikane. Jaribio likianguka, litengenezwe, au liondolewe kwa sababu iliyoandikwa pamoja na tarehe ya kulirudisha. Njia ya tatu isiwepo.

Wengine watasema: watu wanauawa, wengine wanakimbia vijiji vyao, nani ana nafasi ya mambo hayo? Ninawaelewa. Lakini muuguzi wa Katwa au Oicha anayetuma hesabu ya wagonjwa wake anategemea programu isiyopoteza hesabu hiyo. Mahali penye vita, hesabu iliyopotea hairudi kirahisi.

Tena, kazi hii inawafaa wanafunzi wetu, wa UCG na wa vyuo vingine vya Butembo. Majaribio yanafanyika kwenye mashine za mbali, umeme wetu ukatike usikatike. Kusoma matokeo kunahitaji simu na mega chache. Anayetaka kuingia katika mradi wa dunia aanzie hapo: kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, afungue alama nyekundu ya jana usiku.