Maboksi Mawili, Amplifaya Sita
Jumamosi nilimkuta rafiki yangu amechutama nyuma ya kabati la redio, akikagua waya kama mvuvi na nyavu zake. Maboksi ya spika ni mawili, amplifaya sita: mbili za besi, mbili za sauti za kati, mbili za zile nyembamba. Shemeji akaniuliza kama hiyo bado ni sebule au imekuwa karakana. Ila jamaa ana hoja, maana chungu kimoja hakiivishi pilau na uji kwa mpigo. Kwenye spika za kawaida, koili na kapasita huigawa sauti baada ya amplifaya, na sehemu ya nguvu huishia humo kuwa joto. Yeye huigawa mapema, ingali dhaifu, kwa krosova ya aina aliyoieleza mhandisi Siegfried Linkwitz mwaka 1976, kisha kila amplifaya huishika spika yake moja kwa moja. Nikasikiliza. Besi ilikuwa kavu, safi kabisa. Mwimbaji, lo, kama yuko chumba cha pili, kwani viwango havikuwa vimelinganishwa. Amplifaya sita zisizopimwa ni kelele ya gharama tu. Maikrofoni ya kupimia, alikiri, hajanunua. Amplifaya ya saba ameshaagiza.