Weka Utepe Chini, Shika Mwiko

Kila Oktoba Nairobi huvaa waridi. Benki huvaa, maduka makubwa huvaa, hata mlinzi wa getini hubandikwa utepe kifuani. Tunahimizwa tujichunguze, tuwahi kliniki, tusiogope. Maneno hayo ni mazuri na sina ugomvi nayo. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya hapa Kenya, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Lakini hebu nikuulize wewe uliyevaa utepe: siku ya nne baada ya titi kuondolewa, kunakuwaje?

Siku ya nne mgonjwa yuko kwake. Wapiga picha hawapo. Kuna ndoo, kuna ngazi za ploti, kuna mrija unaotoka ubavuni, na kuna swali ambalo sijaliona kwenye bango lolote: nani ataushika huo mrija?

Kwetu swali hilo halikuchukua hata dakika moja. Alipigiwa simu dada yangu.

Dada alikuwa Nakuru, ameajiriwa, ana mtoto wa miaka miwili. Mimi nilikuwa sebuleni, hatua sita kutoka kitanda cha mama. Niliacha chuo na sasa naandika makala za kulipwa kwa kila neno, kwa hiyo saa zangu nazipanga mwenyewe. Katika ukoo mzima, mwenye nafasi alikuwa mimi. Hakuna aliyenitaja. Hata nesi aliyeturuhusu kutoka alinitazama, akatazama karatasi zake, akauliza, "Kwani nyumbani hakuna msichana?" Mjomba akamjibu kwamba yuko njiani. Basi yale maelezo yote yakawekwa kumngojea msichana, nami nikabeba begi. Ukweli unaoniuma hadi leo ni kwamba nilishukuru.

Mama alipasuliwa Jumanne, akaruhusiwa Alhamisi. Dada hangefika kabla ya Jumapili. Katikati hapo jirani wa chini, Mama Kevo, alikuwa akipanda asubuhi na jioni, anafunga mlango wa chumba, anatoka na kijagi kilichofunikwa kitambaa. Mimi naangalia simu. Jumamosi Mama Kevo akaenda matanga ushago.

Saa nane usiku nikasikia kitu kimeanguka bafuni. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikaita, kimya. Nikaita tena, akasema, "Nenda ulale." Sauti ya mtu anayelia akiwa amebana meno. Alikuwa anajaribu kumwaga kile kichupa laini cha plastiki kwa mkono mmoja gizani, maana stima zilikuwa zimepotea, na hakutaka mwanawe amwone. Alipofungua hatimaye, leso ilikuwa imelowa maji ya rangi ya chai ya rangi, na kichupa kimefura hewa, hakivuti tena.

"Geuka kule," akaniambia.

"Mama, nikigeuka nitamwaga."

Akacheka, kisha akashika ubavu kwa maumivu ya kule kucheka. Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kopo la sabuni. Tukasoma pamoja ile karatasi ya hospitali, ambayo ilikuwa kwa Kiingereza cha madaktari, mistari mitano tu. Nilinawa mikono mara mbili kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Kumbe hiyo ndiyo hatua ya kwanza yenyewe.

Wacha basi nikwambie ambayo hakuna aliyeniambia, kwa sababu nilikuwa mvulana.

Mrija upo ili maji yasikusanyike pale titi lilipokuwa. Kichupa hufunguliwa mara mbili hivi kwa siku, maji yanapimwa kwa mililita, yanaandikwa kwenye daftari pamoja na saa, halafu kichupa kinaminywa hadi hewa itoke ndipo kifungwe, la sivyo hakivuti. Mwanzo maji huwa mekundu, kisha ya waridi, kisha ya manjano hafifu. Madaktari wengi huutoa mrija maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, na hilo laweza kuchukua wiki moja, mbili, hata tatu. Kwa hiyo daftari ndilo humwonyesha daktari kama mrija uko tayari kutolewa. Mama Kevo alikuwa akimwaga bila kuandika. Si kosa lake. Naye hakuna aliyemfundisha.

Utaona pia mambo ya kukutisha ambayo ni ya kawaida. Ganzi kifuani na upande wa ndani wa mkono. Kuwashwa na kuchomwachomwa. Titi ambalo halipo tena kuuma, au kuwasha mahali ambapo hakuna pa kukuna. Mama alidhani akili inamruka. Ni mishipa ya fahamu iliyokatwa. Sentensi moja tu ya nesi ingemwokoa usiku kadhaa za hofu.

Na kuna mambo ambayo si ya kungojea asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kinachozidi kuwa chekundu na moto, usaha, harufu, kichupa kujaa damu mbichi kwa haraka, mguu kuvimba upande mmoja, pumzi kukata. Hapo unatafuta gari. Hungoji kliniki ya Jumanne ijayo, na humngoji dada atoke Nakuru.

Mambo haya hayahitaji digrii. Nayasema mimi ambaye sina. Wala hayahitaji mtu awe mwanamke. Yanahitaji mikono safi, kalamu, na mtu aliyeambiwa. Lakini sisi tumeamua kwamba nusu ya watu waliomo nyumbani wasiambiwe, halafu uamuzi huo tunauita heshima. Ati mtoto wa kiume hatazami kifua cha mamake. Nilipokuwa na miezi sita nilikitazama sana na hakuna aliyeita kikao. Heshima gani hii inayomwacha mama apapase bafuni gizani na mrija ubavuni, huku kijana mzima amelala upande wa pili wa ukuta? Huo ni woga wetu, na kila mara anayeulipia ni dada wa mtu.

Najua nitajibiwa nini. Na kama mama mwenyewe hataki kuguswa na mwanawe? Basi asiguswe. Mwili ni wake, na kuna wamama ambao hawatataka kabisa. Lakini aulizwe yeye. Mama yangu hakuulizwa na mtu. Mjomba ndiye aliyejibu, na mjomba akapanda matatu akaenda zake. Halafu hata akikataa, bado kazi ziko tele. Kusonga ugali hakuhitaji kuona kifua cha mtu.

Tena tuzungumzie huo ugali. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo mgonjwa hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko birika lililojaa. Sasa piga hesabu ya nyumba ya kawaida hapa mjini. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na sisi tuko ghorofa ya nne ambako maji hupanda siku mbili kwa wiki. Kufua blanketi ni kukamua. Kusonga ugali wa watu wanne ni bega, kifua na kwapa vikifanya kazi pamoja, palepale kwenye mshono. Unapomwambia mwanamke wa Kenya "nenda nyumbani ukapumzike" bila kumtaja atakayesonga, umemwambia arudi kazini.

Mkono wenyewe una mambo yake. Si wa kufungwa tu ukaachwa, maana bega litakauka. Mazoezi mepesi huanza mapema kwa maelekezo ya hospitali: kufungua na kufunga kiganja, kuchana nywele, baadaye vidole kutambaa ukutani kidogo kidogo kila siku. Na kama tezi za kwapani zilitolewa, mkono huo unaweza kuvimba hata miaka mingi baadaye, kwa hiyo unalindwa na michubuko, kuungua na vidonda. Nani huungua na kujikata kila siku katika nyumba zetu? Anayepika. Kwa hiyo swali la nani anapika ni la matibabu, kama dawa zilivyo.

Halafu wageni. Wageni wetu wana upendo, sikatai. Wanakuja kumi na wawili kwa mpigo, wanaimba, wanaomba, wanamwita mama shujaa, kisha wanakaa. Wanangoja chai. Mama, na mrija wake chini ya leso, anaanza kuinuka kwa sababu hawezi kuona mgeni akikaa mikono mitupu. Siku hiyo niliweka sufuria jikoni mimi, na mama mmoja wa kanisa akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Maskini, hana msichana." Dada yangu alikuwa ameketi palepale, amefika kwa basi la usiku, mtoto amemlalia mapajani. Lakini kwa kuwa kijana ndiye aliyekuwa jikoni, nyumba ilihesabiwa haina mtu.

Wageni hao hao ndio huuliza utavaa nini sasa kifuani. Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani, alitolewa titi mwaka 1978, na miaka miwili baadaye akachapisha kitabu chake kuhusu saratani. Anasimulia jinsi alivyoletewa titi bandia la sufu lenye rangi ya waridi iliyopauka, lisilofanana na ngozi yake, na jinsi nesi alivyomsema kwa kuja kliniki bila kulivaa, kwamba anawavunja wengine moyo. Lorde alikataa kulivaa. Mama yangu amechagua tofauti: ana titi la kufumwa kwa uzi wa pamba, huliweka akienda kanisani na kulitoa akiwa nyumbani. Wote wawili wako sawa. Asiye sawa ni yule anayedhani kovu la mtu mwingine lipo kwa ajili ya kumpendeza yeye.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Hospitali, mfundisheni yeyote aliyekuja kumchukua mgonjwa, awe mume, mwana au mjomba mwenye haraka. Mwacheni amwage kichupa mara moja mbele yenu kabla hamjamruhusu kutoka. Mpeni karatasi kwa lugha inayosemwa nyumbani kwake. Wageni, leteni chai ikiwa kwenye chupa, na mkitoka osheni vikombe. Mliochanga hela za upasuaji kwenye kundi la simu, msilifunge kundi siku ya upasuaji. Bandeji zinanunuliwa, nauli za kliniki zinalipwa, na maji yanapandishwa kwa pesa.

Na nyinyi vijana wenzangu, mnaobadilisha picha ya wasifu kuwa waridi kila Oktoba: jifunzeni sahii, kabla simu haijalia. Usiulize msichana yuko wapi. Inuka.

Mrija wa mama ulitolewa siku ya kumi na tano. Daktari aliomba daftari, akafungua, akapitia kurasa bila haraka. "Nani ameandika hivi vizuri?" akauliza, akimtazama dada.

Mama akainua kidole cha mkono ule mzima, akaninyooshea.