Risala ya wakaaji wa Birere wenye makovu yaliyovimba

Kwa wakubwa wa Idara ya Afya, Kivu ya Kaskazini, na waganga wakuu wa hospitali za Goma.

Waheshimiwa,

Sisi ni wakaaji wa Birere, mjini Goma: wachuuzi wa mpakani, mafundi, wanafunzi, mama wa nyumbani. Vidonda vyetu vilipona zamani, lakini makovu yalikataa kusimama. Yalivimba, yakapita mipaka ya kidonda, yakawa yanawasha na kuuma usiku. Ndiyo keloidi.

Mnajua yanakotoka. Nyumba zetu ni za mbao na zimebanana. Mbabula ya makala ikianguka, au petroli ya kadafi, muuzaji wa barabarani, ikishika moto, avenyu nzima inaungua. Wengine wana alama za risasi na mabomu ya vita ya Januari 2025. Na wako walioanza na kitobo cha hereni tu.

Lalamiko letu kubwa ni moja: tunakatwa, kisha tunaachwa. Binti mmoja wa kwetu alikatwa uvimbe wa sikio uliokuwa sawa na punje ya haragi. Aliambiwa arudi kutolewa nyuzi, basi. Mwaka haukuisha, uvimbe ukarudi; sasa umefunika ndewe nzima, naye hukaa darasani amejifunga kitambaa. Waganga wanajua kwamba keloidi ikikatwa bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, na pengine kubwa kuliko ya kwanza. Kwa nini basi mgonjwa haambiwi kabla ya kulipa?

Hatusahau mzigo wa wapasuaji wenu; vita imewajazia wodi. Lakini sindano ya triamsinoloni, dawa ya kupunguza keloidi, haidai chumba cha upasuaji. Hudungwa ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki 4 hivi, na mganga aliyefundishwa.

Kwa hiyo tunadai dawa hiyo ifike vituo vya afya vya karibu, na bei ibandikwe ukutani. Asikatwe mtu keloidi bila kupangiwa sindano za baadaye na kutajiwa gharama yote. Aliyeungua aanzishiwe mazoezi na nguo za kubana mapema, kabla kiwiko hakijaganda. Nguo hizo mafundi cherehani wa hapa Birere watazishona wakifundishwa vipimo. Tena muwaonye watu juu ya krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni kama dawa ya makovu: zinaharibu ngozi ya pembeni, kovu linabaki.

Tunaomba jibu la maandishi, na kikao nasi hapa hapa Birere.